Je, Wajua? Muziki wa Sebuleni Ni Stima Iliyochongwa

Ukiwasha sabufa sebuleni, iwe Karagita, Kihoto au Kayole ya Naivasha, amplifaya haitengenezi nguvu yoyote. Huchukua stima ya ukutani, huinyoosha, kisha huikata kwa kufuata umbo la sauti na kuisukuma kwenye spika. Muziki unaousikia ni stima ileile uliyoinunulia tokeni, imechongwa tu. Ndiyo maana fundi mzoefu akiletewa redio inayokoroma hakimbilii spika. Hufungua kasha na kuanza na pawasaplai, ile sehemu inayopokea stima na kuigawa. Haya hapa mambo machache kuhusu sehemu hiyo isiyosifiwa, mengi yakiwa ya hapa hapa Bonde la Ufa.

…kwamba mvumo wa spika ni mwendo wa tabo?

Punguza sauti hadi mwisho, acha amplifaya ikiwa imewashwa, kisha sogeza sikio kwenye spika. Ule mvumo wa chinichini chanzo chake kiko mbali. Stima ya Kenya huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na kasi hiyo huwekwa na mitambo inayozunguka. Jenereta yenye ncha mbili za sumaku, kama zilivyo nyingi zinazoendeshwa na tabo za mvuke, sharti izunguke mara 3,000 kwa dakika ili ifikishe mara 50 kwa sekunde. Mitambo ya maji huzunguka polepole zaidi, lakini ina ncha nyingi za sumaku, hivyo nayo hutoa mdundo uleule. Kila jenereta iliyoungwa kwenye gridi hufuata mdundo huo. Hakuna inayotangulia wala inayobaki nyuma.

Kwa mkazi wa Naivasha, sehemu ya mdundo huo huanzia nyuma ya vilima anavyoviona, kule Olkaria, katika eneo la Hifadhi ya Hell's Gate. Visima viwili vya kwanza vya majaribio vilichimbwa huko mwaka 1956. Ilichukua robo karne hadi mtambo wa kwanza ukaanza kazi mwaka 1981, na kufikia 1985 mitambo mitatu ya megawati 15 kila mmoja ilikuwa ikifanya kazi. Leo mvuke wa ardhini hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Wengi husema Olkaria ilikuwa ya kwanza Afrika. Ni kweli ukihesabu vituo vikubwa, lakini Kiabukwa kule Katanga, Kongo, palikuwa na mtambo mdogo wa megawati 0.2 uliotumia maji moto ya ardhini tangu miaka ya 1950.

…kwamba mvumo huo una noti yake?

Mitetemo 50 kwa sekunde inakaribia sana noti ya G ya chini, ile anayoipata mpiga gitaa la besi akibonyeza kituo cha tatu kwenye waya wake mnene. Noti hiyo ina mitetemo 49. Marekani stima huenda mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wao uko juu zaidi, katikati ya A kali na B. Amplifaya ileile moja ikikoroma Naivasha na ikikoroma Chicago, haikoromi kwa sauti moja.

Sikio lililozoea hugundua ugonjwa kwa noti. Mvumo mzito na laini wa 50 kwa kawaida hutoka nje ya pawasaplai: waya wa oksi uliokatika kinga yake, dekoda na amplifaya zinazogombania njia ya ardhi, au waya wa sauti uliolala juu ya transfoma. Mvumo wa 100, ulio mkali na wenye chengachenga, mara nyingi hutoka ndani, kwenye kapasita zilizochoka. Ukitaka kuijua noti ya 100, pita karibu na nguzo yenye transfoma ya mtaa jioni kukiwa kimya. Chuma cha ndani yake hunyooka na kusinyaa kila sumaku inapopanda, na hupanda mara mbili katika kila mzunguko wa stima.

Na mafundi wana kipimo chao cha haraka: hugusa ncha ya waya wa oksi kwa kidole. Mwili wa binadamu hunasa stima iliyotanda hewani ndani ya nyumba, na spika ikinguruma, fundi anajua amplifaya ni nzima na shida iko kwenye simu au waya.

…kwamba ndani ya amplifaya mna tangi linalojazwa mara 100 kwa sekunde?

Stima ya ukutani ni volti 240, lakini hizo si za kilele. Kileleni hufika karibu 340. Transfoma huzishusha, tuseme hadi volti 24 kila upande. Dayodi nne huigeuza stima ya kwenda na kurudi iwe ya njia moja kama ya betri. Hata hivyo hutoka ikiwa na mawimbi, vilele 100 kwa sekunde na mabonde katikati. Hapo ndipo zinapoingia kapasita kubwa, zile za umbo la kopo. Hufanya kazi ya tangi la maji juu ya paa: hujaa mfereji unapotiririka na kulisha nyumba unapokatika.

Tufanye hesabu. Amplifaya ikivuta ampea 2 kutoka kapasita ya mikrofaradi 4,700, kati ya kilele na kilele volti zinaweza kushuka kwa takriban 4. Weka ya mikrofaradi 10,000 na mporomoko unakuwa kama volti 2. Ngoma ya besi ikipigwa, amplifaya inahitaji mkondo mwingi kwa wakati mmoja, na volti zikiporomoka kwa asilimia 10, uwezo wa juu wa amplifaya hupungua kwa asilimia 19, kwa sababu nguvu hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Ndiyo maana pawasaplai dhaifu hujulikana kwenye besi kabla ya mahali pengine: ngoma inapigwa lakini haina mwili.

…kwamba kule Suswa wanafanya kazi hiyohiyo kinyumenyume?

Kusini mwa Naivasha, kwenye tambarare za Suswa, ndipo inapotua laini ya umeme ya kilomita 1,045 hivi kutoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia. Kenya ilianza kupokea umeme kupitia laini hiyo mwishoni mwa 2022. Umeme wake ni wa njia moja, kama wa betri, volti 500,000 upande wa chanya na 500,000 upande wa hasi, na laini imejengwa kubeba hadi megawati 2,000.

Amplifaya yako nayo ina upande wa chanya na wa hasi, ila ni volti 33 hivi kila mmoja. Tofauti ni kwamba amplifaya hupokea stima ya kwenda na kurudi na kuinyoosha, ilhali Suswa hupokea iliyonyooka na kuirudisha iwe ya kwenda na kurudi kabla ya kuiingiza kwenye gridi ya Kenya. Umeme ulionyooka hupoteza nguvu pungufu njiani kwa masafa marefu, na pia huziwezesha gridi mbili kuuziana bila kulazimika kufuata mdundo mmoja.

…kwamba kapasita huzeeka zaidi kwa joto kuliko kwa miaka?

Ndani ya kapasita za kopo mna majimaji. Yakikauka, kapasita hupoteza uwezo wake, na mvumo wa 100 huanza kusikika. Pembeni mwa kopo huandikwa kiwango cha joto, 85 au 105, na watengenezaji wengi huahidi muda kama saa 2,000 kwenye joto hilo. Saa 2,000 ni karibu miezi mitatu tu bila kuzima, lakini kanuni ya mafundi inasema kila unaposhusha joto kwa digrii 10, maisha huongezeka mara mbili. Kapasita ya 105 ikifanya kazi kwenye digrii 65 inaweza kwenda mara 16 ya muda huo.

Sasa fikiria amplifaya iliyobebeshwa dekoda juu yake, ikafunikwa kitambaa cha kufuma na kusukumwa hadi ukutani. Kitambaa kinapendeza, lakini kila digrii inayoongezeka inakula umri wa kapasita. Maboresho ya kwanza ya pawasaplai hayana gharama: ondoa kitambaa, acha upana wa kiganja nyuma na juu, toa vumbi kwenye matundu.

…kwamba wati za kwenye boksi na wati za kwenye kibandiko cha nyuma hazifahamiani?

Boksi linasema wati 10,000 PMPO kwa herufi za dhahabu. Geuza sabufa uangalie kibandiko kidogo karibu na waya wa stima. Utakuta kifaa kinavuta wati 60, pengine 80. Hakuna kifaa kinachoweza kutoa kwa spika, kwa muda wowote wa maana, nguvu kuliko inayoingia kutoka ukutani, na sehemu ya hiyo inayoingia huishia kuwa joto. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Upo ukweli unaoweza kuhesabiwa. Chukua volti za kapasita, zizidishe kwa zenyewe, gawa kwa mara mbili ya omu za spika. Volti 33 kwa spika ya omu 8 hutoa kama wati 68, nazo ni za karatasi, kazini zitapungua. Marekani walichoshwa na mchezo huu zamani: mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, iliweka kanuni ya namna ya kupima na kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani.

Kwa mnunuzi asiye na mita, kuna kipimo cha mkono. Amplifaya yenye transfoma ya chuma na shaba ikiwa nyepesi kama boksi tupu, transfoma yake ni ndogo, na transfoma ndogo haiwezi kutoa nguvu kubwa. Kipimo hiki hakifai kwa mashine za kisasa zenye pawasaplai ya kukatakata, ambayo hukata stima maelfu ya mara kwa sekunde na kwa hiyo hutosheka na transfoma ndogo sana.

…kwamba nganya yenye betri ya volti 12 inaanzia wati 26 tu?

Betri ya gari ikichajiwa na injini inayonguruma hufika volti 14.4 hivi. Ukiziunga moja kwa moja kwenye amplifaya ya kawaida ya redio ya gari, yenye spika ya omu 4, hesabu inagota kwenye wati 26 kwa kila spika, hata kama usoni pameandikwa 50 mara nne. Mbona basi matatu hutikisa vioo vya maduka? Kwa sababu amplifaya kubwa iliyofichwa chini ya kiti ina pawasaplai yake ndani, inayopandisha volti 12 hadi 30 au zaidi kwa kila upande. Kabla ya nguvu ya spika, aliyejenga muziki wa nganya alinunua nguvu ya pawasaplai, pamoja na waya mnene wa kuifikisha.

…kwamba Nakuru ilikuwa ikitengeneza stima isiyokuwa na mvumo?

Kwa miongo kadhaa, betri nyingi za redio na tochi zilizouzwa Kenya zilitoka kiwanda cha Eveready mjini Nakuru, na picha yake ya paka ilikuwa kwenye kuta za maduka hadi vijijini. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2014, kampuni ikalalamikia ushindani wa betri za kuagizwa.

Betri haina mzunguko wa kwenda na kurudi, kwa hiyo haina mvumo. Redio ya mawe manne, yaani betri nne za jumla ya volti 6, ilitoa taarifa ya habari ikiwa safi kuliko redio nyingi za kuchomekwa ukutani. Shida yake ni nyingine: betri inavyozeeka, upinzani wa ndani yake hupanda, na ukiongeza sauti volti huanguka, mtangazaji akaanza kukwaruza.

Hapo ndipo watu walipoyatoa mawe na kuyaanika juani. Je, ilisaidia? Ndiyo, kwa muda. Joto huharakisha kemia ya ndani na kupunguza upinzani, na betri iliyokuwa hoi hupata pumzi ya kumaliza kipindi. Haichaji, inakamua tu kilichobaki, na ikiachwa juani kupita kiasi huvuja na kuozesha vyuma vya redio.

…kwamba santuri za kwanza za Kiswahili zilipigwa kwa nguvu ya mkono?

Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, wengi wa watakaonunua santuri zake hawakuwa na umeme nyumbani. Hawakuuhitaji. Gramafoni ilikuwa na springi iliyokazwa kwa mkono, na kidhibiti kidogo kilichozuia sahani isizunguke kwa pupa. Springi ikilegea katikati ya wimbo, sauti ilizama taratibu hadi mtu akimbilie mpini. Hata hapo nguvu ilikuwa sehemu ya muziki.

Mashine za santuri zilizokuja baadaye na mota za umeme zilirithi tatizo hilo kwa sura mpya. Nyingi zilitumia mota inayofuata mdundo wa stima. Chukua mashine ya Marekani, iliyotengenezwa kwa mdundo wa 60, uichomeke Naivasha kupitia transfoma ya kushusha volti. Volti zitakuwa sawa, lakini sahani ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika itazunguka chini ya 28, na kila mwimbaji atashuka kwa zaidi ya nusutoni tatu. Dawa ni kubadilisha kapi ya mota, au pawasaplai inayotengeneza mdundo wake yenyewe.

Japani wanalijua hili ndani ya nchi moja. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua majenereta ya Ujerumani ya mdundo wa 50, Osaka ikanunua ya Marekani ya 60, na hadi leo mashariki na magharibi ya nchi hiyo hazijapatana.

…kwamba tumbili mmoja alinyamazisha redio za nchi nzima?

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180, mitambo mingine ikashindwa kubeba pengo hilo, na Kenya ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, ilieleza kwamba tumbili alipona na kuchukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Kwa amplifaya, hatari kubwa huja stima ikirudi. Kapasita zilizo tupu humeza mkondo mkubwa sana kwa sehemu ndogo ya sekunde, transfoma ya mviringo nayo hufanya vivyo hivyo, na kama volti zinarudi kwa kurukaruka, fyuzi huungua au dayodi hufa. Stima zikipotea, zima swichi ya ukutani, subiri zirudi na zitulie dakika chache ndipo uwashe. Fyuzi ikiungua, weka ya kiwango kilekile. Ukifunga waya mahali pa fyuzi, kitakachoungua safari ijayo ni transfoma.

…kwamba ua la umeme hubisha hodi kwenye redio?

Naivasha imezungukwa na mashamba ya maua, ranchi na hifadhi, na wengi huzuia wanyama kwa ua la umeme. Mashine ya ua hutoa pigo la volti nyingi takriban mara moja kwa sekunde. Majani yakigusa waya au kishikio kikipasuka, cheche hutokea, na redio ya masafa ya kati huitikia: tik, tik, tik. Pawasaplai mpya haitaondoa sauti hiyo, kwa sababu inaingia kwa hewa. Dawa ni kufyeka majani.

Pampu za maji na mitambo ya vyumba baridi ni habari nyingine. Mota ya umeme ikianza inaweza kuvuta mkondo wa mara tano hadi saba ya kawaida yake, na majirani walio kwenye laini moja huona balbu zikififia. Tuseme volti zinashuka kutoka 240 hadi 200. Amplifaya yenye transfoma ya kawaida hupoteza kama asilimia 30 ya uwezo wake wa juu. Inatisha ukiisoma, lakini kwa sikio ni chini ya desibeli 2, kiasi ambacho wengi hawatakitambua wasipokuwa wamefungulia sauti hadi mwisho. Spika ya bluetooth yenye adapta iliyoandikwa 100–240V haitajua kama kuna lililotokea.

…kwamba kalamu kwenye soketi ni chanzo cha mvumo?

Plagi ya pini tatu tunayoitumia Kenya iliwekewa viwango Uingereza mwaka 1947. Pini ya juu ni ndefu kwa makusudi: inaingia kwanza, inaunga kifaa na ardhi, kisha inafungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Anayetaka kuchomeka sabufa ya pini mbili huchukua kalamu, akaidunga kwenye tundu la juu ili vifuniko vifunguke. Kazi inafanyika, ila pini mbili zinakaa zikilegea, zinapata moto, na pia ile fyuzi ya ndani ya plagi haipo tena.

Vifaa vingi vya pini mbili vimeundwa kuwa salama bila ardhi, lakini vingine huvuja mkondo kidogo hadi kwenye kasha. Ukiligusa, kidole kinawasha, na mvumo unapungua ghafla kwa sababu wewe ndiye umegeuka njia ya ardhi. Nunua adapta ya kweli yenye fyuzi, na umwombe fundi wa stima apime kama waya wa ardhi wa nyumba yenu unafika chini kweli.

…kwamba adapta nyingine haziruhusiwi kupanda Kinangop?

Angalia kibandiko cha adapta ya simu, kompyuta au spika. Kwenye baadhi, hasa za China, utaona alama ya mlima ndani ya pembetatu pamoja na namba 2000. Maana yake kifaa kimepimwa kwa matumizi ya chini ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi. Inapoza vibaya zaidi, na stima huruka kwa urahisi kati ya waya na waya.

Ziwa Naivasha liko kwenye takriban mita 1,890, kwa hiyo mji umo ndani ya mpaka, kwa shida. Lakini panda barabara kwenda Kinangop Kusini, zaidi ya mita 2,400, na adapta hiyohiyo imevuka kiwango ilichopimiwa. Haitalipuka ukifika, ila haina akiba ya usalama iliyokuwa nayo chini. Usiifunike, wala usiifanyishe kazi usiku kucha ikiwa moto kwa kuguswa.

…kwamba kuna mtu aliyejisimikia nguzo yake ya umeme kwa ajili ya muziki?

Mwaka 2016 gazeti la Wall Street Journal liliandika kuhusu mwanasheria mzee wa Japani aliyefunga nguzo na transfoma yake binafsi nje ya nyumba, ili muziki wake usichangie stima na friji za majirani. Uingereza nako, kampuni ya Naim ya mjini Salisbury, iliyoanzishwa 1973, imejenga jina kwa kuuza visanduku vya pawasaplai pekee, ambavyo mteja huviongeza kimoja kimoja kwenye mashine aliyo nayo. Kisanduku hakipigi muziki wowote, kinalisha tu kile kinachopiga.

Penye wapenzi kama hao hapakosi wauzaji wa waya wa stima wa bei ya kununulia ng'ombe. Stima imesafiri kutoka Olkaria kwa kilomita nyingi za aluminiamu, ikapita transfoma ya mtaa, mita ya tokeni na waya za ndani ya ukuta. Mita moja na nusu ya mwisho haiwezi kuisafisha. Waya mzima wenye unene wa kutosha na plagi inayobana vizuri unatosha.

…kwamba mpangilio wa maboresho ni muhimu kuliko bei yake?

Mwenye pesa kidogo na aanze na ardhi na waya za sauti, kwa kuwa huko ndiko mvumo mwingi unakotoka. Pili, kapasita zilizovimba kichwani au kuvuja zibadilishwe. Mikrofaradi zinaweza kuongezwa kiasi, hata maradufu, lakini si mara kumi, maana kila nyongeza huzipiga dayodi na fyuzi kishindo kikubwa zaidi wakati wa kuwasha. Volti zilizoandikwa kwenye kapasita mpya zisipungue za ile ya zamani: ukiweka ya volti 25 mahali penye 35, itapasuka. Tatu, kama kifaa kidogo kama kipokezi cha bluetooth kinatumia adapta ya bei ya chini inayopiga kelele, kipe adapta bora ya volti zilezile, yenye ampea zilezile au zaidi, na chanya na hasi zikiwa upande uleule. Transfoma kubwa zaidi iwe ya mwisho, tena yenye volti zilezile, kwa sababu transfoma ya volti nyingi huua amplifaya siku hiyohiyo.

Na kazi ya ndani iachiwe fundi. Pawasaplai ya kukatakata huwa na kapasita ya volti 340 inayoweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi anayejua kazi yake hupima kapasita hiyo kwa mita kabla ya kugusa kitu. Akianza kwa bisibisi, chukua redio yako utafute mwingine.